Mfanyakazi akipandishwa cheo, objekti yake ifanyweje?

Swali: Natengeneza mfumo wa taarifa za menejimenti kwa ajili ya idara ya rasilimali watu. Nina klasi (kiolezo ambacho programu huundia objekti, yaani rekodi hai ya mtu au kitu) Mfanyakazi, na zinazoirithi, yaani zinazochukua sifa zake na kuongeza zao, ni Karani, Mhasibu na Meneja. Mhasibu akipandishwa kuwa Meneja, nalazimika kufuta rekodi yake na kufungua nyingine, na maombi yake ya likizo yanapotea. Nimekosea wapi?

Jibu: Kosa liko kwenye urithi. Umeufanya uhasibu kuwa asili ya mtu, kumbe ni kazi anayoishika kwa muda. Katika lugha nyingi za programu, objekti ikishaundwa haibadili klasi, ndiyo maana unafuta na kuunda upya. Rekodi mpya hupata namba mpya, na likizo zilizofungwa kwenye namba ya zamani hubaki yatima au hufutwa nayo.

Mfanyakazi abaki na yale asiyoyaacha akibadili kazi: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa. Cheo kiwe klasi inayojitegemea, chenye msimbo, jina na ngazi ya mshahara. Kati yao weka klasi Uteuzi: mfanyakazi, cheo, idara, kuanzia, hadi. Hii ndiyo moyo wa mfumo, kwa sababu menejimenti haiulizi tu leo kuna wahasibu wangapi. Huuliza pia mwaka juzi walikuwa wangapi.

Chukua mfanyakazi 1047. Uteuzi wa kwanza ni Mhasibu, kuanzia 2021-03-01 hadi 2023-07-01. Wa pili ni Meneja, kuanzia 2023-07-01, na hadi ni tupu. Siku ya hadi isihesabiwe ndani ya kipindi. Hivyo hakuna siku itakayorukwa wala kuhesabiwa mara mbili. Ripoti ya siku yoyote huchukua teuzi ambazo kuanzia haizidi siku hiyo, na hadi ni tupu au iko baada yake.

Kanuni ya kuzuia teuzi kugongana iwe ndani ya Mfanyakazi, kwenye operesheni ya teua, si kwenye fomu. Data ikiingizwa kutoka faili la Excel, fomu haipitiwi kabisa. Weka kizuizi kwenye hifadhidata pia, maana watumiaji wawili wanaweza kuhifadhi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona nafasi iko wazi. Kumbuka na wanaokaimu: ongeza aina ya uteuzi, na mgongano uzuiwe kwa uteuzi kamili peke yake.

Urithi una mahali pake. Malipo ya hundi hayageuki kuwa ya taslimu, kwa hiyo hapo utumie bila wasiwasi.

Ripoti usizijenge kwa kupakia objekti mojamoja. Wafanyakazi 4,000, kila mmoja akiitishiwa teuzi zake, ni maulizo 4,001 kwa hifadhidata: moja la orodha na 4,000 ya teuzi. Ulizo moja la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) lenye GROUP BY, amri ya kuhesabu kwa makundi, latosha.

Kuhamisha data, anzia kwenye nakala ya majaribio. Kila mtu abaki na namba moja, likizo zielekezwe huko, na zilizofutwa zirudishwe kutoka nakala rudufu. Hesabu likizo kabla na baada, ukijumlisha zilizorudishwa kwenye hesabu ya kabla. Idadi isipolingana, usiguse mfumo halisi.