Mkalishe dereva kwanza, rangi baadaye

Modeli yangu ya kwanza ya plastiki, pikipiki ya kuunga yenye dereva wake, niliipaka rangi kwa wiki mbili nzima. Tangi linang'aa, injini ina vivuli vyake, dereva ana koti la ngozi lililopauka viwikoni. Siku ya kumpandisha, makalio yakawa yanaelea juu ya siti na mkono wa kushoto haufiki kwenye usukani. Pengo lilikuwa milimita 2 tu, ila kwa kipimo cha 1:35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35, hizo ni sentimita 7 za mtu halisi. Nikamkandamiza kidogo akae. Usukani ukakatika.

Tangu siku hiyo sifungui kopo la rangi kabla dereva hajakaa. Karatasi ya maelekezo mara nyingi inakupeleka umalize pikipiki kisha umgeukie mtu. Kwa hilo, msiisikilize.

Ninachofanya ni kuunga fremu, injini, tangi na siti. Magurudumu na usukani navishikiza tu kwa selotepu au plastisini. Kisha nabandika utepe mwembamba juu ya siti, naunga miguu ya dereva na kiwiliwili kwa gundi ya plastiki ya kimiminika, halafu namkalisha pale pale. Gundi hii inayeyusha plastiki yenyewe, pande mbili zikaingiana, kwa hiyo kwa dakika kadhaa kiungo bado ni laini na unaweza kumsogeza: nyonga ishuke, goti libane tangi, mgongo uiname kidogo. Mikono inafuata wakati huo huo. Mwache hapo mpaka kesho yake. Ule utepe ndio utakaomzuia asigande na siti.

Kama bado anaelea, geuza suruali na uisugue kwa msasa chini ya makalio mpaka iwe bapa. Mtu aliyekalia kitu ana uzito, na nguo yake imebanwa. Wachongaji wengi wa modeli wanalisahau hilo.

Viganja vina shida yao. Vikishaumbwa vimekunja ngumi, haviingii kwenye usukani bila kulazimishwa. Mimi navikata kwenye kifundo kwa kisu chenye ncha, navigandisha kwenye usukani moja kwa moja na kuvipaka rangi huko huko. Mwisho kabisa vinakutana na mikono, na mshono unajificha ndani ya mkunjo wa mkono wa koti. Kumbuka kukwangua rangi sehemu zitakazounganishwa, maana gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi. Supaglu inashika, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe, hasa kwenye vioo na taa. Kwa taa natumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Na dirisha liwe wazi muda wote, hizi gundi na tina ya kuyeyushia rangi si vitu vya kuvuta puani.

Sasa spoki. Spoki ya plastiki yenye unene wa nusu milimita, ukiikuza mara 35, inapita milimita 17. Hiyo ni nondo! Ukiipaka rangi ya fedha inayong'aa, kila mtu ataiona nondo. Kwangua kingo zake taratibu ukiwa na subira, kisha ipake kijivu cha giza na uguse fedha kidogo tu upande wa juu. Jicho litadanganyika. Wapo wanaozing'oa zote na kuweka waya. Nawavulia kofia, mimi nilijaribu gurudumu moja nikaishia hapo.

Injini ndiyo inayonifurahisha kuliko vyote. Praima nyeusi, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi ya chuma kwa brashi iliyofutwa karibu ikauke, ikipita kwenye ncha za mapezi ya silinda tu, vile vibapa vya kupozea injini. Halafu rangi ya mafuta ya kahawia nyeusi, iliyochanganywa na tina ya rangi za mafuta ya kutosha, unaidondosha kwenye mapezi na kuitazama ikikimbilia mifereji yenyewe. Kama rangi ya chini ni akriliki iliyokauka vizuri, haitavurugika.

Dereva mpake kuanzia ndani kwenda nje: ngozi, shati, koti, mikanda. Uso wote una milimita 6 au 7, na jicho halifiki milimita 1, kwa hiyo weupe wa macho sahau. Mstari mmoja wa kahawia chini ya nyusi unatosha, na akivaa kofia ya chuma kivuli chake kitakumalizia kazi. Madereva wangu wa mwanzo wote walikuwa wametumbua macho kama waliokanyaga msumari.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni vumbi. Unakuta pikipiki imechafuka hadi kwenye tangi, dereva buti zinang'aa kama za gwaride. Changanya vumbi moja, kwenye kikopo kimoja, na ulipake siku moja: matairi, madigadi, ekzosi, buti, na pindo la koti linalopeperuka karibu na gurudumu la nyuma. Magotini acha pawe safi zaidi kwa ndani, pale panaposugua tangi. Na tangi nalo, mahali hapo hapo, liwe limechubuka rangi.

Kisha ng'oa ule utepe kwenye siti, umkalishe dereva wako.