MUULIZE MWALIMU: Shule inanitafuta kwenye michango tu

Shikamoo mwalimu. Mi ni mama lishe hapa Mbagala, kijana wangu yuko fomu tu (kidato cha pili) shule ya kata. La saba alifaulu vizuri tu ila tangu aingie sekondari anashuka, ripoti ya juzi hesabu F, fizikia F, nikimuuliza anasema "niko poa mama". Shule nayo hainiiti mpaka kuwe na michango, grupu la WhatsApp la wazazi kila nikifungua ni mlinzi hajalipwa, mara hela ya mtihani wa majaribio. Mi mwenyewe nimeishia la saba, nikienda huko nitaongea nini na walimu? – Mama Lishe, Mbagala

Marahaba mwanangu, pole. Kwanza usimchape na usimwite mvivu, maana watoto wengi wa shule za serikali wanaangukia hapohapo, miaka saba kasoma kila kitu kwa Kiswahili halafu anaingia fomu wani anakuta baiolojia, jografia, hesabu, vyote Kiingereza, sasa mtoto anaweza kuwa anajua kabisa kutafuta eneo la mstatili ila swali lenyewe haelewi linataka nini. Ila na wewe usingoje ripoti nyingine, fomu tu kuna upimaji wa NECTA mwisho wa mwaka na asipofikia kiwango anakariri darasa.

Hiyo ya kuishia la saba weka pembeni. Leo jioni chukua daftari lake la hesabu. Angalia tarehe, kama kati ya zoezi na zoezi kuna wiki mbili tupu basi ama mtoto hakuwepo ama mwalimu hakuingia, na yote mawili unatakiwa uyajue. Angalia peni nyekundu, kama kuna mikasi ya kukosa imejaa na chini yake hakuna masahihisho, ujue anakosa na anaendelea mbele na makosa yake. Kuna madaftari mengine swali limenakiliwa vizuri kwa mwandiko msafi, mistari ya jibu mitupu, hapo mtoto ananakili ubaoni tu. Halafu we ukiwa unamenya vitunguu vya kesho mwambie akueleze kwa Kiswahili walichofundishwa leo, akikwama hapo ndo pa kwenda kuulizia.

Shuleni usiende kwa mkuu wa shule, ana watoto mamia, muulizie mwalimu wa darasa, wahi asubuhi kabla vipindi havijaanza au mvizie wakitoka, na daftari uwe nalo mkononi. Usianze na "kwa nini mwanangu anafeli", ukianza hivyo atajitetea na we utajitetea mtaishia hapo. Muulize anakaa wapi darasani, somo gani anajitahidi, anaongozana na nani, na wiki hii kahudhuria siku ngapi. Hilo la mwisho usiliache, rejista anayo yeye. Hapa Dar mtoto anaaga alfajiri, makonda wanamkwepa kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, anafika kachelewa, anaadhibiwa getini, siku ya tatu anaona bora apitilize, na nyumbani jioni anarudi na begi kama kawaida. Wewe unajua alitoka, shule inajua hakufika, na hakuna anayemwambia mwenzake!

Ukimaliza omba namba ya mwalimu, kisha wiki ya pili mtumie meseji fupi, "Mwalimu shikamoo, kijana anaendeleaje kwenye hesabu?". Kama mwalimu ni kijana kuliko wewe weka "habari za kazi", atakujibu. Michango ya grupuni iache huko grupuni.

*

Mwalimu habari, nafanya kazi za ndani Muscat, binti yangu wa darasa la nne anaishi na bibi yake Muheza. Aliumwa shuleni wakakosa wa kumpigia, namba walonayo ni laini yangu ya Tanzania ambayo sijaiwasha toka nije. Nifanyeje? – Mama Binti, Oman

Mdogo wangu, hili ni la siku moja. Mpigie mtu wenu anayejua kuandika, bibi aende naye kwa mwalimu mkuu na barua fupi inayosema mlezi ni nani, anaishi kitongoji gani, namba yake, na namba ya jirani mmoja kwa sababu simu za mabibi chaji hazikai. Wabadilishe kwenye rejista bibi akiwa amesimama palepale. Na la nne kuna upimaji wa taifa, kwa hiyo ongea na mwalimu wa darasa mwenyewe mara moja kwa mwezi, Oman mko mbele saa moja tu haisumbui.

*

Mwalimu mwenzangu, niko shule ya msingi Singida vijijini. Tunaita kikao cha kupanga chakula cha mchana cha watoto wanakuja wazazi kumi, na hao kumi wanasema serikali ilishasema elimu bure. – Mwalimu wa Zamu

Hawajakosea kusikia, Januari 2016 walitangaziwa elimu bila ada, ila chakula, sare na madaftari vilibaki kwa mzazi na hicho kipande hakikutangazwa kwa sauti ileile. Wewe waandikie ubaoni hesabu waione, ruzuku ya mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, siku za masomo 194, gawanya mbele yao, haifiki hata shilingi 60 kwa siku na humo humo kuna chaki na mitihani. Uache ubao uongee.

Ila na nyinyi jiangalieni. Kikao mnaita lini? Mkiita Jumatano asubuhi msimu wa palizi au siku ya mnada atakuja nani, iteni Jumapili watu wakitoka kanisani, na wa msikitini waambieni Ijumaa. Wakifika msianze na hela, waambieni watoto wa la pili wasome kitabu mbele ya wazazi wao, mzazi akimwona wake kasimama anasoma au kasimama anababaika, vyote viwili vitamfanya abaki mpaka mwisho. Baada ya hapo kamati ya shule ndo iseme debe ngapi za mahindi na nani anashika ufunguo wa stoo, sio mwalimu mkuu, na kila Ijumaa ibandikwe karatasi mlangoni: yameingia mangapi, yamepikwa mangapi, yamebaki mangapi. Asiyeleta mahindi afuatwe nyumbani na mjumbe wa kamati, labda hana kweli, mpangieni kuni au maji. Mtoto wake msimtoe kwenye foleni ya uji.