Kwa mwalimu mpya wa kipaimara, ukifika somo la kuhesabiwa haki

Ndugu mwalimu, somo hili, la jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, watoto hulikariri upesi kuliko yote. Waulize mtu huokolewaje, darasa zima litaitikia: kwa neema, kwa njia ya imani! Sasa waulize kuhusu bibi fulani wa mtaani aliyezikwa karibuni, kwa nini wanaamini yuko kwa Bwana. Watakwambia alikuwa mtu mwema, hakukosa ibada, alitoa sadaka. Kazi yako inaanzia kwenye jibu hilo la pili.

Usianze na Martin Luther na mwaka 1517, Matengenezo ya Kanisa yalipoanza. Mtoto atatoka akidhani haya ni magomvi ya Wazungu na Papa. Na kama mama yake ni Mkatoliki, usimpe silaha ya kumpigia nyumbani: Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, ingawa tofauti hazikuisha zote.

Anza na Abrahamu, na usiwe na haraka. Wafungue Mwanzo 15:6, anapomwamini Bwana na kuhesabiwa haki. Halafu 16:16: Ishmaeli anazaliwa, baba ana miaka 86. Halafu 17:24: anatahiriwa akiwa na miaka 99. Nyamaza, waache wapige hesabu wenyewe. Alikwisha kuhesabiwa haki miaka 13 au zaidi kabla ya kutahiriwa, na Musa na sheria yake bado hawajazaliwa! Hesabu hiyo ndiyo Paulo anayoitumia katika Warumi 4:10. Mtoto akiigundua kwa kidole chake mwenyewe kwenye Biblia, hutahitaji kumhubiria sana.

Atatokea mjanja na Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Mshukuru, kisha mwonyeshe kwamba Yakobo anamtaja Abrahamu yuleyule, ila anamchukua pale madhabahuni na Isaka, Mwanzo 22, miaka mingi baadaye. Anachokipiga Yakobo ni imani ya mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa "enendeni zenu kwa amani" bila kumpa kitu. Paulo naye asingeitetea imani ya namna hiyo. Ndiyo maana Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, isisomwe bila mstari wa 10, kwamba tuliumbwa tutende matendo mema. Sisi walimu tunapenda mno kuukata.

Mwingine atauliza, basi nikiamini naruhusiwa kutenda dhambi? Usimkemee. Swali hilo Paulo analiuliza mwenyewe katika Warumi 6:1, maana yake mtoto amesikia vizuri.

Linaloniuma zaidi ni wale wasiouliza. Yupo mtoto anayeogopa kwamba imani yake ni ndogo, haitoshi. Huyo ameigeuza imani kuwa tendo jingine la kufaulu au kufeli. Msomee yule baba wa Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe aliponywa kwa imani hiyohiyo yenye mashaka, kwa sababu ya Yesu aliyemwendea.

Na mtihani wa mbele ya mchungaji ukikaribia, mtafute yule anayesahau Amri na maelezo yake. Kaa naye pembeni. Mazoezi ya kukariri aendelee nayo, lakini ajue tangu sasa kwamba mchungaji anapima alichojifunza tu; kukubaliwa kwake na Mungu hakuwekwi mezani siku ile.