Kabla ya Ekzosi Mpya, Tafuta Mwalimu wa Breki

Kijana mwenye Altezza hapa Tabora akipata fedha kidogo, najua zinakokwenda: rimu mpya, ekzosi yenye mngurumo, pengine na spika za kujaza buti. Namsihi aziweke kwingine kwanza. Amtafute mtu anayejua kweli kuendesha gari la mbio, watafute uwanja uliofungwa, washinde huko kutwa nzima. Siku ya namna hiyo nimeipata, na imenibadilisha uendeshaji kuliko miaka yote niliyokaa nyuma ya usukani.

Naitaja Altezza kwa sababu ndilo gari la kasi ambalo mtu wa kawaida anaweza kulimudu huku kwetu. Toyota walianza kuliuza Japani mwaka 1998 na likaendelea hadi 2005. Ile RS200 ya gia sita za mkono ina injini ya lita mbili, silinda nne, nguvu farasi 210 bila turbo. Injini iko mbele, lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na ndipo vijana wanapoumia. IST, inayosukumwa na magurudumu ya mbele, ikizidiwa kwenye kona, pua inakataa kugeuka na dereva anashtuka mapema. Altezza ukiikanyaga mafuta vibaya katikati ya kona, mkia unatoka, na ukishatoka huna muda wa kujiuliza ufanye nini.

Mwalimu wetu ni mzee wa hapa hapa mjini. Ujana wake uliishia kwenye rali za Morogoro, Arusha na Tanga, kwanza akiwa msaidizi wa kusoma njia, baadaye akiwa dereva. Alikua akiisikiliza Safari Rally redioni, yale mashindano yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mpaka leo anamzungumzia Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania aliyeshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Nilidhani atanisimulia kasi yake. Alichonisimulia ni kwamba gari lilifika. "Wengi walibaki njiani, mwanangu. Yeye alilitunza gari, akalifikisha."

Tulifanyia mazoezi kwenye kambi ya zamani ya mkandarasi wa barabara, nje ya mji upande wa Urambo. Pana kipande kirefu cha lami walichokuwa wakiegesha mitambo, na pembeni yake uwanja wa moramu iliyoshindiliwa. Mwenye eneo alituruhusu kwa maandishi. Mwenyekiti wa kijiji tulimpa taarifa mapema, na vijana wawili wenye vitambaa vyekundu walisimama kwenye mlango wa kuingilia, maana mngurumo wa injini huita watoto, na nyuma ya watoto huja mbuzi. Haya usiyaone madogo. Kama huwezi kupata eneo la kufunga namna hii, ahirisha. Barabara ya umma si uwanja wa kujifunzia kasi. Sheria inakupa kilomita 50 kwa saa ukiwa ndani ya makazi, na sababu yake unaiona kila asubuhi watoto wanapovuka kwenda shule.

Mzee hakugusa usukani kabla ya kupiga goti kwenye kila tairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huku tunanunua sana matairi ya mtumba, na tairi linaweza kuwa na kashata nene za kupendeza huku mpira wake umeshakuwa mgumu kwa uzee. Mpira mgumu haushiki lami. Upepo tuliupima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, tukafuata kibandiko cha mlangoni, kwa sababu ile kauli ya "weka thelathini na tano kote" inayotolewa pale unapojaza haijui gari lako wala mzigo wako. Mafuta ya breki tuliyabadilisha siku iliyotangulia. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yakiwa na maji huchemka mapema. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Siku ya kukanyaga breki kutwa nzima, hilo si jambo la kubahatisha.

Kukaa nako kuna kanuni zake. Sogeza kiti mpaka mguu uweze kuididimiza breki yote huku goti likiwa bado limekunjika kidogo. Mabega yaguse kiti, kisha nyoosha mkono: kifundo cha mkono kikae juu kabisa ya usukani bila bega kuachia. Mikono ishike kushoto na kulia, saa tisa na saa tatu. Vijana wetu wanapenda kulala nyuma, mkono mmoja juu ya usukani. Ukilala hivyo, siku ya hatari mguu utaifikia breki nusu tu, na mkono mmoja hauwezi kulirudisha gari lililoyumba.

Halafu tukaanza breki, na tukakaa kwenye breki mpaka jua likawa kali. Mtu anayekwenda kujifunza kasi hategemei hilo, lakini ndilo somo lenyewe. Mzee alipanga madumu ya njano, yale ya lita ishirini, kama lango. Unakuja na spidi uliyoambiwa, ukifika kwenye lango unakanyaga klachi na breki kwa nguvu zote, unalinyoosha gari mpaka lisimame kabisa. Nguvu zote maana yake zote. Dereva wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake hajawahi kuikanyaga breki hivyo, na siku anapoihitaji mguu wake haujui njia.

Mara ABS, ule mfumo wa breki wa kuzuia magurudumu yasijifunge, inapoanza kazi, pedali inapiga mguu kutoka chini, gari linakoroma kwa mbele. Karibu kila mtu hapo huachia.

"Mzee, linatetema."

"Liache litetemeke. Hiyo ndiyo kazi yake. Kandamiza, usiachie."

Ukiendelea kukandamiza, unagundua jambo ambalo hakuna maelezo yanayoweza kukupa: gari linasimama huku bado unaweza kuligeuza. Mzee aliweka dumu moja katikati ya njia, akatuambia tukanyage kwa nguvu zote na tulikwepe papo hapo. Likakwepeka. ABS ilitengenezwa kwa ajili hiyo: magurudumu yasipojifunga, usukani unaendelea kutii. Tulipohamia kwenye moramu, spidi ile ile, gari lilikwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwenye changarawe iliyolegea, gurudumu lililojifunga hukusanya udongo mbele yake na udongo huo husaidia kuzuia, wakati ABS inalizungusha gurudumu juu ya vumbi. Ukitoka kwenye lami ukaingia barabara ya kijijini, ongeza nafasi kati yako na wa mbele. Nawaambia hili kwa msisitizo kwa sababu mikoa yetu bado ina moramu nyingi.

Hesabu zake kila dereva anapaswa kuwa nazo kichwani. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, ukiwa na kilomita 50 kwa saa breki zinahitaji kama mita 12 kukusimamisha. Ukiwa na 100 zinahitaji karibu mita 50. Kasi imeongezeka mara mbili, njia ya breki imeongezeka mara nne. Na kabla mguu haujafika kwenye breki, ile sekunde moja ya kushtuka tayari imekula mita 28. Ng'ombe aliyetokea umbali wa mita 60 mbele yako, kwa spidi ya 100, utamgonga hata ukiwa dereva hodari namna gani.

Kona zilikuja mchana. Mzee alitupa kanuni moja tu ya usukani na nyingine zote zilikuwa za macho. Mikono hufuata macho, kwa hiyo angalia unakotaka kwenda. Kabla hujaanza kukata, jicho liwe limeshafika pale ndani ya kona gari litakapopita. Ukifika hapo, jicho liwe limeshahamia kwenye mlango wa kutokea. Mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa akinigonga bega kila macho yangu yaliposhuka kwenye boneti. Ukiliangalia dumu, utaligonga dumu. Ukiuangalia mti, utakwenda kwenye mti. Hofu huvuta macho kwenye kitu kinachotishia, na gari huja nyuma yake.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara: ulichokitumia kwenye breki hakipo tena kwa ajili ya kona. Ndiyo maana breki zinamalizwa gari likiwa bado limenyooka, gia inashushwa hapo hapo, kisha unageuza, kisha mafuta yanarudi taratibu kadiri usukani unavyonyooka. Ukikanyaga mafuta ghafla wakati usukani bado umekunjwa, Altezza inakukumbusha kwamba nguvu yake iko nyuma. Na ukiachia mafuta ghafla kwa woga katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, mkia unatoka vile vile. Kwa hiyo woga na papara vinaweza kukufikisha mahali pamoja. Jambo jingine ambalo watu hawalihisi: ukiingia kona ile ile kwa 66 badala ya 60, matairi yanadaiwa mshiko zaidi kwa asilimia 21. Kilomita sita tu kwenye dashibodi, lakini tairi linaziona kuwa mzigo mkubwa.

Jioni boza lilimwaga maji kwenye lami ili tujifunze kuserereka kwa spidi ndogo. Somo hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kwa spidi ya baiskeli unaweza kuusikia mkia ukianza kwenda, na unausikia kwenye kiuno kabla macho hayajaona kitu. Dawa yake: macho yabaki kwenye njia, mikono igeuze usukani upande unaokwenda mkia, mguu usirukie breki. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, usukani urudi katikati haraka mara gari linapoanza kujinyoosha, la sivyo litakutupa upande wa pili kwa nguvu zaidi. Pua ikikataa kugeuka, dawa ni nyingine: punguza mafuta, na punguza usukani kidogo ingawa moyo unakwambia uongeze. Tairi la mbele lililokwisha kuserereka haliongezewi mshiko kwa kukunjwa zaidi.

Katika barabara yetu ya kila siku, ile ya kwenda Nzega kwa mfano, sehemu ya masomo haya inabaki uwanjani. Njia ya mbio, ya kutoka nje ukaingia ndani ukatoka tena nje, inakula upande wa wenzako. Barabarani kaa kwenye upande wako, kata kona kwa kuchelewa kidogo ili uone kilichojificha nyuma ya majani kabla hujaingia kabisa. Kinachohamia barabarani ni macho marefu, breki inayokanyagwa mapema gari likiwa limenyooka, na mkao wa kiti. Sasa naona mwenye baiskeli ya mkaa akiwa bado nukta, naona mchungaji kabla ya ng'ombe wake, naona basi linalotaka kupita wenzake na ninalipa nafasi. Mabasi na malori yamewekewa kikomo cha 80, lakini usiendeshe kwa kutegemea kwamba kila dereva anakifuata.

Ukitaka kuandaa siku kama hii, jikusanyeni watu watatu wanne mgawane mafuta, maji na gharama ya mwalimu. Gari moja zima linatosha kwa wote, na wakati mwenzako anaendesha wewe unajifunza kwa kumwangalia akiwa nje. Kila zamu iwe fupi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mwili. Msafishe gari ndani: chupa ya maji iliyolala chini ya kiti itakimbilia kwenye pedali breki ya kwanza tu. Fungeni mikanda, vaeni viatu vya soli nyembamba, na kama mnaweza kupata helmeti, vaeni. Kabla ya kulipumzisha gari, liendesheni taratibu dakika chache ili breki zipoe, na msivute hendibreki zikiwa za moto. Wekeni gia na jiwe nyuma ya tairi. Asubuhi yake shikeni wili spana mkaze tena nati zote, mkague pedi za breki, na mpime oili kabla gari halijarudi kwenye shughuli zake.