Barua kwa mwanangu: wajina wangu hajatembea

Mikindani, Novemba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza jana usiku, nikaurudia asubuhi baada ya swala. Unaniuliza: mtoto ametimiza miezi 15, hajapiga hatua hata moja peke yake, na wa jirani, waliozaliwa mwezi mmoja, anakimbiza kuku, je, usubiri au umpeleke hospitali? Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukaongeza kwamba mama mkwe wako anasema mtoto kabemendwa, yaani eti kadhoofishwa na mambo ya kitandani ya wazazi wake. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia, maana simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na nyumba yenu haina dari.

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu ni rahisi. Wajina wangu alizaliwa katikati ya Agosti, wakati kadi yako ilikuwa imeandikwa mwisho wa Septemba. Alitangulia wiki 6. Umesahau tulivyombeba kifuani ngozi kwa ngozi, kwa zamu, mpaka magauni yangu yote yakanuka maziwa? Mtoto njiti, hadi afikishe miaka 2, maendeleo yake huhesabiwa kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyotoka. Kwa hiyo huyo unayemwita wa miezi 15, miguu yake ina miezi 13 na nusu. Wa jirani alimaliza wiki zake zote tumboni. Unawashindanisha watu ambao hawakuondoka siku moja.

Nilipokuwa mhudumu wa afya wa mtaa tulifundishwa kwa chati ya Shirika la Afya Duniani, ile iliyotoka mwaka 2006. Waliwafuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto wazima wanaokula vizuri. Ukiwaacha wachache sana wa mwanzo kabisa na wa mwisho kabisa, walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na kidogo na miezi 17 na nusu. Tazama upana wake: miezi 9 inawatenganisha, na wote wazima. Tena katika kila 100, kama 4 hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walikaa, wakasimama dede, wakaondoka. Kaka yako alikuwa wa hao. Yeye alisota kwa makalio mpaka kaptura zikatoboka, na watoto wa kusota mara nyingi huchelewa kutembea. Aliondoka akiwa na miezi 17, shambani kwa babu yako Nanyamba wakati wa kuokota korosho, akimfuata mtu aliyeshika bibo.

Kwa hiyo wajina wangu hajachelewa. Lakini nisingemaliza karatasi tatu kwa jibu hilo peke yake.

Hujawahi kuniuliza kwa nini dada yako anachechemea. Ulikua ukimwona hivyo, ukadhani kila mtu ana mwendo wake. Sikukueleza kwa sababu habari yenyewe si ya kujivunia.

Alipofika miezi 6 au 7, ukimpa kitu alikipokea kwa mkono wa kushoto tu. Ukikiweka upande wake wa kulia, alivusha mkono wa kushoto kifuani akakichukue. Wa kulia ulikaa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Tulicheka. Tukasema ana shoto, kamrithi babu yake. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto ambaye hajafika mwaka hachagui mkono, na kwamba anayechagua mapema namna ile, ule mkono mwingine haumtii. Miezi 18 ikapita hatembei, sisi tunakodolea macho miguu. Miezi 22 akaondoka, mguu wa kulia ukikanyagia vidole, kisigino hewani. Tulichinja kuku.

Na kliniki, unauliza? Enzi zile chanjo ya surua ya miezi 9 ndiyo ilikuwa ya mwisho, baada ya hapo ni kupima uzito tu, na mimi niliacha kwenda. Baba yako alikuwa anavua Kilwa, anarudi kwa mwezi mara moja, na kwenye foleni ya mizani wanawake walishaanza: yule kabemenda mtoto, si mnaona. Mwanamke akisikia hivyo hukunja kadi yake akarudi nyumbani. Nilikunja yangu. Mtu wa zahanati niliyemfuata kwake jioni, ili nisionekane, alimtazama mtoto pale mlangoni bila hata kumvua nguo, akasema atatembea tu. Nilimshukuru. Ndilo jibu nililokuwa nimelitaka.

Dada yako alikuwa na miaka 3 na miezi yake nilipompeleka kaka yako hospitali kwa malaria. Daktari mmoja alikuwa anapita kwenye korido, akamwona dada yako anakimbia, akasimama. Hakuuliza habari ya miguu. Aliuliza, “Mama, huyu anatumia mkono gani?” Siku hiyo ndipo nilipolisikia neno mtindio wa ubongo, nikalia, nikidhani anasema mwanangu hana akili. Kumbe alimaanisha sehemu ya ubongo inayoongoza mkono na mguu wa upande mmoja iliumia tangu akiwa mchanga. Akili zake unazijua. Hesabu za chama cha msingi cha korosho ni yeye anayezishika, na mimi humpelekea risiti zangu anisomee. Mazoezi yalimsaidia, kisigino kilishuka kwa kiasi. Ila mtaalamu wa viungo alituambia kwamba msuli wa shavu la mguu ulikuwa umeshakaza, na kwamba miaka ile tuliyokaa nyumbani ndiyo iliyokuwa ya kuunyoosha. Hakulisema kwa kunilaumu. Kujilaumu najilaumu mwenyewe, hasa nikiwa naosha vyombo.

Basi leo kabla hamjalala, mvue nguo zote umweke kwenye mkeka, taa iwake vizuri. Mpe kijiko mkono huu, halafu kingine mkono ule. Anapokea kwa yote miwili? Ngumi zinafunguka? Akijivuta kusimama, anasukuma kwa miguu yote au mmoja unafuata tu? Unapomvisha nepi, mapaja yanaachana bila shida, au yamekaza, miguu inapishana kama mkasi? Au kinyume chake, mwili umelegea kama khanga iliyoloa? Anakanyagia vidole muda wote? Mguu mmoja unaonekana mfupi? Ukimwita nyuma ya mgongo, anageuka? Likiwepo lolote kati ya hayo, achana na habari ya kusubiri, asubuhi uwe kliniki.

Na mtoto aliyekuwa anakaa akaacha kukaa, au alikuwa anasimama akaacha kusimama, huyo hangojwi hata kidogo. Huku kusini tumeiona konzo, mtu mwenye afya yake anaamka miguu imekaza, kwa sababu ya muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka mwaka wa njaa. Huwapata zaidi wanawake na watoto waliovuka miaka 3, kwa hiyo sikutishi nayo kwa huyu mdogo. Ila unga wa muhogo usioujua ulivyoandaliwa, usiuweke kwenye uji wake. Mtwangie karanga, msagie dagaa, mtama upo.

Umesema mwenyewe kwamba anashika ubavu wa kitanda na kwenda upande upande. Ulilisema haraka kama kitu kisicho na maana. Mimi ndilo lililonilaza usingizi. Mtoto anayekwenda kama kaa, na akafika mwisho wa kitanda akainama kuokota kitu bila kuanguka, huyo yuko njiani.

Sasa la mama mkwe wako. Usimjibu kwa ukali. Ni mama yako pia, na hayo aliambiwa na kungwi wake kama mimi nilivyoambiwa na wangu. Wazee walikuwa na hoja: mama akishika mimba nyingine mapema, yule wa mgongoni anaachishwa ziwa kabla ya wakati, anadhoofu, miguu inakosa nguvu. Walitaka watoto wapishane, wakatafuta neno la kuogopesha. Lakini kutoka hapo hadi kusema mtoto hatembei kwa sababu ya kitanda cha mama yake au nyayo za baba yake, hapana. Wewe hujamharibu mtoto, wala mumeo hajamharibu. Hata angekuwa anatembea nje, na sisemi anatembea, hiyo ina kesi yake na kikao chake, ila haina njia ya kuingilia kwenye goti la mtoto.

Akileta dawa ya kubemendwa, mwambie mama kasema tungoje kliniki kwanza. Mtupie mimi lawama, nimezoea. Akitaka kumfukia miguu mchangani, hilo sitaligombania sana. Bibi yako alimfanyia hivyo dada yako hapa ufukweni jioni 7 mfululizo, mchanga wenye vuguvugu hadi kiunoni, na mtoto alifurahi mno. Ubaya wake ni kwamba kila jioni tulirudi nyumbani tukijiona tumeshatibu.

Ninaloligombania ni kile kigari cha matairi ambacho mtoto hukalishwa katikati, mkwe wangu anachotaka kumnunulia kwa pesa ya korosho. Mwambie nimemshukuru kwa nia. Mtoto akiwa ndani ya kile anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kujishika anapoyumba, na anaweza hata kuchelewa zaidi. Canada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nacho kwenye ngazi. Ninyi hamna ngazi, mna jiko la mkaa lililo chini, na kigari kile kina mbio kuliko wewe. Anunue kigoda kizito. Mtoto akisukume mwenyewe uani, peku, kikimkimbia akianguka akae kitako aanze tena. Viatu ndani ya nyumba havina kazi, nyayo zinahitaji kuigusa ardhi. Na usimbebe mgongoni kutwa kwa sababu amelia. Mgongo wako mtamu lakini hauna mahali pa kujifunzia kusimama.

Mwezi wa pili anatimiza miezi 18, siku ya chanjo ya pili ya surua na rubella. Tarehe hiyo iandike ukutani. Akiwa hajatembea, usinihesabie tena wiki za njiti na wala usinipigie kuniuliza. Mwambie nesi huyu ana miezi 18, hatembei, naomba aangaliwe, na kama inabidi nipewe rufaa ya kumfikisha kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wakimwangalia mlangoni bila kumvua nguo, wakakwambia atatembea tu, wewe baki umekaa kwenye benchi. Foleni ikikusema, ikuseme.

Dada yako nimemwomba ruhusa kabla ya kukuandikia habari yake. Alicheka, akasema muda wote alijua, alikuwa anangoja mimi niseme.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kakiweka wapi sijui lakini jina lako nimeliandika kwa kalamu nzito. Kuna korosho, ming'oko kidogo, na khanga yako uliyoisahau. Viatu ambavyo shangazi yake alimtumia nimevitoa, nitavileta mwenyewe. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kuna vijiko viwili vya mbao vinavyolingana. Vile ni vya leo usiku.

Mama yako