Nimezeeka Katika Muziki: Ni Ipi Hukumu ya Nyimbo Nilizoziacha Nyuma?

Swali: Assalamu alaykum, Sheikh. Tangu ujana wangu nilikuwa mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo. Sikupata jina kubwa. Nilipiga katika bendi za wengine, nikarekodi nyimbo chache, na nyingine niliwatungia waimbaji wakaziimba wao. Baadhi zilikuwa za mawaidha, baadhi za mapenzi, na zipo ambazo ndani yake niliusifu ulevi. Sasa nimeacha muziki na nimeshika swala. Nikitazama nyuma nahuzunika mara mbili: naogopa kwamba umri wangu umepotea katika maasi, na naona haya kwamba hata katika kazi hiyo yenyewe sikufika mbali. Nifanye nini na nyimbo hizo, gitaa langu, na mirabaha midogo ninayoendelea kuipata?

Jibu: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu yetu mpendwa, kuhusu ala za muziki, wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza, wakitegemea hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari inayowataja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki, isipokuwa dufu katika harusi na sikukuu. Mwanazuoni Ibn Hazm wa Andalusia alihitilafiana nao, na Imamu Ghazali alipambanua kulingana na ala, maneno na hali ya msikilizaji. Sisi tunaona kauli ya wengi ndiyo yenye nguvu na salama zaidi kwa dini ya mtu, na wewe umekwisha kuacha, kwa hiyo sitaki kurefusha hapo.

Maneno uliyoyatunga yana hukumu yake peke yake. Mwenyezi Mungu alipowalaumu washairi mwishoni mwa Surat Ash-Shu'araa, aliwatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba katika mashairi imo hekima. Kwa hiyo usizifunge nyimbo zako zote katika furushi moja ukazitupa. Zipitie wimbo baada ya wimbo: wenye mawaidha, maneno yake ni mema hata kama ulipigiwa ala zenye utata, wa mapenzi, utazame kama ulichochea haramu au ulieleza tu hisia za kibinadamu, na uliousifu ulevi, huo ndio wa kuuombea maghufira kwa kuutaja wenyewe.

Nimesimama sana kwenye huzuni yako ya pili, kwa sababu naona ndiyo inayokuumiza zaidi, ingawa umeitaja kwa haya. Katika Surat Yaasin, aya ya 12, Allah anatueleza kwamba anayaandika wanayoyatanguliza watu na athari wanazoziacha. Imamu Muslim naye amepokea kutoka kwa Jarir bin Abdillah kwamba walifika kwa Mtume watu maskini, akawahimiza Maswahaba watoe sadaka, na mtu mmoja katika Ansari, wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, akaleta mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, ndipo watu wakafuata mmoja baada ya mwingine. Hapo Mtume akasema kwamba anayeanzisha mwendo mwema ana ujira wake na ujira wa watakaoufuata, na anayeanzisha mwendo mbaya ana mzigo wake na mzigo wa watakaoufuata. Zingatia kwamba yule Ansari, ambaye kitendo chake kilikuwa sababu ya maneno hayo mazito, hakutajwa jina katika mapokezi hayo. Kama wimbo wako mmoja ulimrudisha kijana kwa mama yake, hujapungukiwa na kitu kwa kuwa hakumjua mtunzi. Na zile zilizousifu ulevi, kutosikika kwake sana ni rehema ambayo unapaswa kuishukuru, si aibu.

Tunarudi kwenye nyimbo ambazo bado zinapigwa. Pale unapomiliki haki, ondoa idhini yako kwa zile mbaya na waombe waimbaji waziache. Pale ulipokwisha kuuza, au watu wakakataa, wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, wameeleza kwamba aliyetubia baada ya kufanya sababu ya uovu ametimiza wajibu wake hata kama madhara yake yanaendelea, kama aliyeurusha mshale akajuta kabla haujafika. Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na katika Surat Al-Furqan, aya ya 70, amewaahidi wanaotubia, wakaamini na kutenda mema kwamba atayabadilisha maovu yao kuwa mema.

Fedha ulizokwisha kuzitumia hapo zamani, toba inatosha. Mirabaha inayotokana na nyimbo mbaya itoe kwa maskini kwa nia ya kujitakasa; na kama wewe mwenyewe ni mhitaji, mwanazuoni Ibn al-Qayyim ametaja kwamba mwenye kutubia anaweza kubakiza kiasi cha haja yake katika chumo la namna hiyo. Gitaa usimuuzie wala usimpe atakayelipiga.

Kipaji chako cha kutunga usikizike. Mtume alimwekea Swahaba mshairi Hassan bin Thabit mimbari msikitini asome mashairi yake. Tunga kasida, wafundishe vijana wa madrasa mizani na vina.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko gitaa. Katika kazi ya bendi mtu huweza kuchukua malipo ya mwenzake, au kusajili kwa jina lake wimbo ambao sehemu yake ilitungwa na mwingine. Hizo ni haki za waja, na toba kwa Allah peke yake haizifuti. Mtume ameamrisha aliyemdhulumu ndugu yake amuombe radhi leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Ukikumbuka haki ya namna hiyo, mtafute mwenyewe umlipe na uliweke jina lake panapostahili. Akiwa amefariki, walipe warithi wake. Na ukishindwa kabisa kuwapata, toa sadaka kwa niaba yake.

Na Allah ndiye Ajuaye zaidi.