Maswali na majibu: Printa imepotea, ruta inasingiziwa

Swali: Umeme ulikatika ofisini kwetu. Uliporudi, kompyuta zote zikasema printa haipo. Ninunue ruta mpya?

Tunza hela zako. Kila umeme ukikatika naletewa swali hili. Ruta ikiwaka upya hugawa anwani upya, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao. Juzi printa ilikuwa 192.168.1.12, leo ni 192.168.1.15, na kompyuta zenu bado zinabisha hodi 12, ambako sasa anakaa mhasibu na simu yake. Toa ukurasa wa mipangilio ya mtandao kwenye printa yenyewe, usome anwani yake. Kisha ingia kwenye ruta, uitengee printa anwani hiyo iwe yake daima, na kompyuta zenu mzielekeze hapo.

Msikimbilie kuandika namba yoyote kwa mkono kwenye printa! Nilishaitwa duka moja la vifaa vya ofisi, fundi aliyenitangulia kaiandikia printa 192.168.1.100. Nafungua ruta: inaanza kugawa hapo hapo, 100. Usiku printa inazimwa. Asubuhi simu ya kwanza kuingia dukani inapewa 100. Printa ikiwashwa, ugomvi. Miezi miwili walikuwa wanalaumu wino.

Swali: Kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254. Nimedukuliwa?

Hapana. Imeomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Kagua waya. Kisha kagua ncha ya pili ya waya.

Swali: Mtandao hausomi, nisaidie.

Mtandao upi? Kifaa gani? Taa gani inawaka?

Swali: Simu inaona waifai ya nyumbani, kamera mpya haiioni.

Kamera nyingi za bei nafuu zinasoma waifai ya masafa ya GHz 2.4 tu. Huenda ruta yako inarusha 5 peke yake. Iwashe 2.4.

Swali: Nataka kuona kamera za dukani nikiwa safarini. Fundi amefungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta ya laini ya simu, lakini wapi!

Tazama anwani ya nje kwenye ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi wewe na wateja wengine wengi mko nyuma ya anwani moja ya kampuni ya simu. Fundi afungue poti mia, hodi haifiki kwako. Tumia programu ya mtengenezaji wa kamera, au VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti.

Na ushukuru haikufunguka. Mwaka 2016 kirusi Mirai kilikuwa kinazunguka intaneti kikijaribu jozi 60 na kitu za majina na pasiwedi za kiwandani. Kiliteka kamera na ruta kwa maelfu, na Oktoba mwaka huo zikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hata Twitter ikawa haifunguki kwa watu wengi. Hakikuhitaji ujanja mwingine. Kamera zako bado ni admin na 12345, sivyo? Badilisha leo, ndipo uniandikie tena.